Nani Ameruhusiwa Kuogopa? Uhalisia na Uigizaji katika Filamu za Vita za Uchina

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu linaloanza hivi: kazi hii ni ya kihalisia kwa sababu mambo yaliyomo hutokea katika jamii. Mtahiniwa huyo hajakosea, lakini pia hajasema lolote. Mambo yapi? Humtokea nani? Na nani aliyethibitisha kuwa hutokea hivyo? Katika makala haya nimekusudia kulichunguza neno uhalisia mbali kidogo na vitabu teule, katika uwanja ambako wahakiki, waigizaji, serikali na watazamaji wa kawaida wamelizozania kwa zaidi ya miaka 70, yaani filamu za Uchina zinazosimulia vita vya kihistoria. Nimeuchagua uwanja huo kwa kuwa huko neno hili si la darasani tu. Filamu imewahi kupigwa marufuku kwa ajili yake, na mtu amewahi kufungwa kwa kuwafanyia mzaha askari ambao filamu iliwasawiri.

Ukiyafuatilia mabishano hayo utagundua kwamba watu hulitumia neno hilo kwa maana tofauti bila kuambizana. Kuna wanaotaka sura, mwigizaji afanane na jemadari aliyekuwapo. Kuna wanaotaka matope, damu na mlio wa risasi. Wengine wanautaka moyo. Wanataka kumwona askari akisitasita kama ambavyo wao wenyewe wangesitasita. Kila upande hudai kuwa uhalisia ni wake na kumnyima mwenzake. Rai yangu ni kuwa nyuma ya zogo hilo limejificha swali moja ambalo kila kizazi cha Wachina kimelijibu kwa njia yake: katika vita vinavyoonyeshwa, nani ameruhusiwa kuogopa?

Tuanze jukwaani, kwa sababu ndiko filamu za Uchina zilikotoka. Mnamo 1905, mwaka uleule Vita vya Majimaji vilipozuka kusini mwa Tanzania ya leo, studio moja ya picha mjini Beijing ilimnasa mwigizaji mashuhuri wa opera, Tan Xinpei, akiigiza sehemu za mchezo uitwao Dingjun shan. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa filamu ya kwanza kutengenezwa na Wachina wenyewe, nayo ni ya vita: inamhusu jemadari mzee Huang Zhong wa zama za Falme Tatu. Nakala yake imepotea. Hata hivyo, tunajua opera ya Beijing inavyofanya kazi. Mjeledi mmoja mkononi ni farasi mzima. Askari wanne wenye bendera ni jeshi kubwa. Cao Cao hupakwa uso mweupe ili hadhira imtambue kuwa mwerevu wa hila kabla hajafungua kinywa, ilhali Guan Yu hupakwa mwekundu kwa uaminifu wake. Hakuna anayedai kwamba hivyo ndivyo vita vilivyokuwa. Bertolt Brecht alipomtazama Mei Lanfang akiigiza mjini Moscow mnamo 1935, alivutiwa na jambo hilo hasa: mwigizaji asiyejisingizia kuwa ndiye mhusika, bali anayemwonyesha mhusika.

Nasi tunayo tahadhari kama hiyo karibu. Katika utangulizi wa Kinjeketile, Ebrahim Hussein anatuonya kuwa Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu na si yule wa historia. Ishike tahadhari hiyo, msomaji, kwa kuwa filamu tutakazozijadili nyingi ziliikataa. Zilitaka kuwa tamthilia na historia kwa wakati mmoja.

Msingi wa kukataa huko uliwekwa mapema. Mnamo 1942, Mao Zedong aliwahutubia waandishi na wasanii huko Yan'an, akasisitiza kuwa sanaa iwatumikie wafanyakazi, wakulima na askari, na kwamba maisha yanayosawiriwa katika sanaa yanapaswa kuwa ya kiwango cha juu na ya kimfano zaidi kuliko maisha ya kila siku. Zingatia hapo: kiwango cha juu. Uhalisia uliotakiwa haukuwa wa kueleza mtu alivyo bali alivyostahili kuwa. Jeshi likapata studio yake lenyewe mnamo 1952, iliyopewa jina la Agosti Mosi, na kutoka hapo zikatolewa filamu kama Dilei zhan (1962) kuhusu mabomu ya kutegwa ardhini na Didao zhan (1965) kuhusu mahandaki ya wanakijiji dhidi ya Wajapani. Hizo mbili zilikusudiwa pia kuwafunza wananchi namna ya kupigana. Ukizitazama leo utastaajabu jinsi zinavyoeleza kwa makini namna handaki linavyochimbwa, na jinsi zisivyo na haja ya kueleza anachohisi mtu aliyejificha ndani yake.

Hata hivyo, tusikubali hukumu ya haraka kwamba filamu zote za kipindi hicho zilijaa wahusika bapa. Dong Cunrui (1955), iliyoelekezwa na Guo Wei, inamhusu askari aliyelishikilia furushi la baruti kwa mkono wake chini ya daraja ili lilipuke, mwaka 1948. Anapoanza, huyu si shujaa kamwe. Ni kijana mtundu, mbishi, mwenye papara, naye Zhang Liang alimwigiza kwa uchangamfu ambao haujachakaa. Anakua mbele ya macho yetu. Mtahiniwa anayejua kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara ataona kuwa uduara umo, ila unaelekezwa upande mmoja tu: utundu unaruhusiwa mwanzoni kwa sababu mwishoni utatoweka.

Mfano ninaotaka uukumbuke hadi mwisho ni wa Yingxiong ernü (1964), filamu ya vita vya Korea iliyotokana na hadithi ya Ba Jin, mwandishi aliyewahi kwenda mwenyewe kwenye uwanja wa vita huko. Askari Wang Cheng amebaki peke yake mlimani. Adui wanamkaribia kila upande. Anashika redio na kuwaambia wenzake waielekeze mizinga kwake yeye. Amesimama wima, sauti haitetemeki, kamera inamtazama kutoka chini kwenda juu kama tunavyoitazama sanamu. Vizazi vya watoto wa Kichina waliigiza kisa hicho katika michezo yao. Je, ni uhalisia? Wapo askari waliofanya kitendo cha aina hiyo, kwa hiyo kitendo ni cha kweli. Kisicho cha kweli ni kutokuwepo kwa pumzi. Mtu aliyepanda mlima chini ya risasi huhema.

Katika Mapinduzi ya Kitamaduni hata utundu wa Dong Cunrui haukuvumiliwa. Kanuni iliyotawala ilitaka miongoni mwa wahusika wote waangaziwe walio wema. Miongoni mwa wema waangaziwe mashujaa. Na miongoni mwa mashujaa aangaziwe shujaa mkuu peke yake. Mfano bora ni Zhiqu Weihushan (1970), opera iliyofanywa filamu na mwelekezi Xie Tieli, kuhusu skauti wa jeshi Yang Zirong anayejifanya jambazi ili aingie katika ngome ya majambazi mlimani. Majambazi wamepigwa mwanga hafifu wa kijani kibichi. Yang Zirong ana wekundu wa afya mashavuni. Nitamrudia Yang Zirong baadaye. Kwa sasa inatosha kusema kuwa kama opera kazi hiyo ina ufundi mkubwa, na wanaoipenda hata leo huipenda kwa nyimbo zake, si kwa sababu wanaamini kuna mtu wa aina hiyo.

Miaka ya 1980 ilileta pumzi. Katika Yi ge he ba ge, iliyokamilika mnamo 1983, Zhang Junzhao alielekeza na Zhang Yimou akashika kamera. Wafungwa wenye vichwa vilivyonyolewa na jasho la vumbi wakageuzwa kuwa wapiganaji, na filamu ikalazimika kufanyiwa marekebisho mengi kabla ya kuruhusiwa. Mnamo 1986 ikaja Xue zhan Tai'erzhuang, juu ya vita vya 1938, ambapo kwa mara ya kwanza watazamaji waliwaona askari wa Kuomintang, maadui wa zamani wa chama tawala, wakifa kishujaa mikononi mwa Wajapani. Adui wa jana aliruhusiwa kuwa jasiri kabla shujaa wa leo hajaruhusiwa kuwa mwoga.

Wakati huohuo ulishamiri uhalisia wa sura. Viongozi wakuu waliigizwa na watu waliochaguliwa kwa kufanana nao. Maarufu kuliko wote ni Gu Yue, aliyefariki mwaka 2005 baada ya kumwigiza Mao katika filamu na tamthilia za runinga zaidi ya 80. Katika Da juezhan (1991-1992), mfululizo wa filamu tatu juu ya vita vikuu vya 1948-1949, yeye alikuwa Mao, huku makumi ya maelfu ya askari halisi wakitumiwa kujaza nyanda. Wachina wana msamiati mzuri wa kulijadili suala hili, walioutoa katika uchoraji: xingsi, kufanana kwa umbo, na shensi, kufanana kwa roho. Waliomsifu Gu Yue walisema ana vyote viwili. Waliomkosoa walisema kuwa mwigizaji anayemwigiza mtu mmoja maisha yake yote hana tena nafasi ya kugundua jambo jipya kumhusu. Kwa upande wangu ninakubaliana na hawa wa pili, ingawa ninakiri kwamba hadhira ilimtaka vivyo hivyo. Uso uliozoeleka ni kama uso uliopakwa rangi wa opera. Ukitokea tu, kila mtu ameshajua.

Mjadala wa sura ulifufuka kwa namna ya kuchekesha mnamo 2017, ilipotolewa Jian jun da ye, filamu ya kuadhimisha miaka 90 ya jeshi. Vijana wanaopendwa na mashabiki wa muziki na runinga walipewa nafasi za majemadari. Ye Daying, ambaye ni mwelekezi wa filamu na mjukuu wa jemadari Ye Ting, alilalamika hadharani kwamba kijana Ou Hao hakustahili kumwigiza babu yake. Utetezi ulikuwa wa kihistoria kabisa: maasi ya Nanchang ya Agosti 1927 yalifanywa na vijana. Ye Ting mwenyewe alikuwa na miaka 30, Su Yu karibu 20, Lin Biao 19. Basi ni nani mhalisia hapa? Anayedai umri sahihi, au anayedai uzito wa mtu aliyekabiliana na kifo? Mpe mwanafunzi wako hoja hizi mbili aziandikie insha. Hatapata jibu rahisi, na hilo litamfaa.

Sasa tufike kwenye filamu ambayo kwangu ndiyo kitovu cha mjadala wote: Guizi lai le (2000) ya Jiang Wen, yaani “Mashetani Wamefika”. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, mwanzoni mwa 1945, mkulima Ma Dasan anabishiwa mlango. Mtu asiyejitambulisha anamwachia magunia mawili na kumwamuru ayatunze kwa siku chache. Ndani mna askari wa Kijapani na mkalimani wake Mchina. Siku zinapita, miezi inapita, wala hakuna anayekuja kuwachukua. Wanakijiji hawawezi kuwaachilia na hawana moyo wa kuwaua. Mateka Mjapani, Hanaya, anataka kufa kishujaa, hivyo anamsihi mkalimani amfundishe matusi makali ya Kichina ili awachokoze. Mkalimani, anayetaka kuishi, anamfundisha salamu za mwaka mpya badala yake. Hanaya anazipiga kelele kwa uso wa hasira, na wanakijiji wanabaki kushangaa ni kwa nini mtu mwenye ghadhabu kiasi hicho anawatakia heri. Sisi walimu wa lugha tungetosheka na onyesho hilo moja kufundisha kejeli kwa mwaka mzima.

Kinachofuata hakichekeshi. Wanakijiji wanaafikiana na jeshi la Kijapani kumrudisha mateka kwa malipo ya nafaka. Nafaka inaletwa, karamu inafanywa, watu wanaimba, kisha ghafla kijiji kizima kinachinjwa. Ma Dasan anayenusurika anajaribu kulipiza kisasi baada ya Japani kusalimu amri, naye anahukumiwa kukatwa kichwa na maofisa wa Kichina. Upanga anapewa Hanaya.

Filamu ilipata Tuzo Kuu ya Majaji huko Cannes mnamo 2000 na ikazuiwa kuonyeshwa kwao. Lawama mojawapo ya wakaguzi ilikuwa kwamba wakulima wale hawamchukii Mjapani kiasi cha kutosha. Tafakari juu ya lawama hiyo kwa utulivu. Si upuuzi. Kwa familia zilizopoteza watu, mkulima anayemlisha mateka uji ni picha inayouma. Wapo pia watazamaji waaminifu walioona kuwa Jiang Wen amewafanya wakulima kuwa wajinga mno. Lakini ukiitazama jinsi ilivyoigizwa, filamu hiyo ina aina zote za uhalisia isipokuwa ule ulioagizwa. Wanakijiji wanazungumza lahaja ya Tangshan, si Kichina sanifu cha redioni. Wanabishana wote kwa pamoja, wanakatizana, wanatetemeka, wanasukumiana jukumu. Jiang Wen, aliyemwigiza Ma Dasan mwenyewe, anacheza hofu kwa mabega: yamepanda juu tangu mlango ulipobishwa na hayashuki. Anaposhika shoka mwishoni, mabega ndipo yanaposhuka. Mtu ambaye hakuwa ameogopa asingeweza kutufanya tuuone ujasiri huo.

Uhalisia wa matope na damu uliingia kwa kishindo mnamo 2007, katika Ji jie hao (“Mlio wa Tarumbeta ya Kukusanyika”) ya Feng Xiaogang. Kikosi cha watu 47 kinaamriwa kukaa mtoni Wenhe mwaka 1948 hadi tarumbeta ipigwe. Mafundi wa milipuko walitoka Korea Kusini, na baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba maonyesho ya mapigano yanafanana mno na yale ya filamu za Marekani. Lalamiko hilo lina ukweli wake, lakini linapita kando ya jambo kubwa. Kamanda Gu Zidi amezibwa masikio na mlipuko. Baadhi ya askari wake wanasema wamesikia tarumbeta, wengine wanakana. Anabaki. Wote wanakufa isipokuwa yeye, na maisha yake yaliyosalia yanakuwa ni kutafuta maiti zao na kutaka kujua kama tarumbeta ilipigwa. Haikupigwa kamwe. Zhang Hanyu, ambaye kabla ya hapo alijulikana zaidi kwa kutia sauti katika filamu za wengine, alimwigiza Gu Zidi kama mtu anayepiga kelele kwa sababu hajisikii, na nusu ya pili ya filamu, ambayo wengi waliiona kuwa ya polepole, ndiyo inayonigusa zaidi.

Yupo humo pia mwalimu, Wang Jincun. Amefungwa kwa sababu alijikojolea vitani. Gu Zidi anakutana naye rumande, anamchukua na kumfanya ofisa wa siasa wa kikosi. Shujaa wa 1964 asingekaa chumba kimoja na mtu huyo. Hapa hofu imeruhusiwa, na aliyeogopa anakufa sawa na wengine.

Ruhusa hiyo haikuwa na mipaka inayoeleweka. Lu Chuan alipotoa Nanjing! Nanjing! (2009), filamu isiyo na rangi juu ya mauaji ya 1937, alimpa dhamiri askari mmoja wa Kijapani, Kadokawa, anayejiua kwa kushindwa kubeba aliyoyaona. Wengi walikasirika: ya nini kumpa muuaji machozi yetu? Wengine walijibu kwamba unyama unaofanywa na mtu mwenye dhamiri hutisha kuliko unaofanywa na shetani. Mimi naona uigizaji wa Nakaizumi Hideo ni wa staha, lakini nakubaliana na waliosema kuwa Mchina anayepigana, aliyeigizwa na Liu Ye, anaondolewa mapema mno. Babai (2020) ya Guan Hu nayo iliondolewa dakika za mwisho katika tamasha la Shanghai mnamo Juni 2019, kwa sababu iliyotajwa kuwa ya kiufundi, baada ya wakosoaji kudai inaisafisha Kuomintang. Iliporuhusiwa mwaka uliofuata, hadhira ilikuta ghala la Sihang limejaa watoro, waongo na watu wanaotafuta dirisha la kutorokea, huku ng'ambo ya mto wakazi wa maeneo ya wageni wakiitazama vita kama wanavyotazama mchezo.

Kisha ikaja Changjin hu (2021), ambayo kwa mapato ya zaidi ya yuani bilioni 5.7 iliongoza filamu zote nchini humo hadi ilipopitwa mnamo 2025. Ni vita vya Korea tena, majira ya baridi ya 1950, askari waliovaa nguo nyepesi katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sufuri na zaidi, viazi vilivyoganda kama mawe. Wengi waliwalaumu waigizaji wageni walioigiza Wamarekani kwa ukavu wao, na wengine walichoshwa na milipuko. Lakini angalia kifo cha askari mkongwe Lei Gong, kilichoigizwa na Hu Jun. Ameliondoa bomu la kuongozea ndege mbali na wenzake, ni kitendo kilekile cha Wang Cheng cha kujiitia moto. Kisha, akiwa amebanwa chini ya gari, analia kuwa anaumia sana na kuwasihi wasimwache pale peke yake. Miaka 57 imepita kati ya sauti hizi mbili. Ya pili inahema.

Na bado, nje ya filamu, mipaka ilibaki. Mnamo Oktoba 2021 mwanahabari Luo Changping aliandika mtandaoni maneno ya kuwafanyia mzaha askari walioganda kwa baridi katika vita hivyo. Alikamatwa, na mnamo Mei 2022 akahukumiwa kifungo cha miezi saba kwa kosa la kuwavunjia heshima mashujaa. Mzaha wake haukuwa na utu, hilo sibishi. Lakini ukilinganisha na filamu yenyewe utaona kitu cha ajabu: mwigizaji ameruhusiwa kulia kwa niaba ya askari, ilhali mtazamaji hajaruhusiwa kuuliza kwa nini walipelekwa na nguo zile.

Nilikuahidi nitamrudia Yang Zirong. Kisa chake kilitolewa katika riwaya ya Qu Bo ya 1957, kikafanywa filamu mnamo 1960, kikawa opera katika filamu mnamo 1970, na mnamo 2014 Tsui Hark akakitengeneza upya kwa teknolojia ya pande tatu, akimpa Zhang Hanyu nafasi ya Yang Zirong. Uigizaji ni tofauti kila mara: mara askari wa kawaida, mara sanamu inayoimba, mara shujaa wa kurukaruka juu ya theluji. Katika zote tatu anaiteka ngome na kushinda. Yang Zirong wa historia aliuawa mnamo Februari 1947, siku chache baada ya ushindi huo, alipokuwa akiwafuatia majambazi waliobaki. Aliingia kwenye kibanda chao na kufyatua bunduki. Ilikuwa imeganda kwa baridi, haikulia. Hakuna hata moja kati ya filamu hizo tatu iliyomalizikia kwenye mlango huo.